Moto wa Kununua, Mbao ya Kuchonga

Kabla hajakuuliza roketi yako itapaa mita ngapi, mkaguzi hulishika pezi lake kwa vidole viwili akalitikisa. Hulisukuma kushoto, hulisukuma kulia, akisikiliza kwa mkono na kwa sikio. Pezi lililoshika halisemi kitu. Lililolegea hutoa mlio mdogo, mkavu, kama wa kiti kinachokaribia kumwangusha mgeni. Mlio huo ukisikika, roketi inarudi mezani, hata kama rangi yake inang'aa kuliko zote uwanjani.

Uwanja wenyewe uko Marekani, maana ndiko mchezo huu ulikozaliwa na ndiko kanuni zake zilikoandikwa. Huenda ni shamba lililokwisha kuvunwa, au kitanda cha ziwa lililokauka kama kile cha Black Rock, jimbo la Nevada. Wenyeji ni wanachama wa vyama viwili: National Association of Rocketry, kilichoanzishwa mwaka 1957, na Tripoli Rocketry Association. Nimeuita mchezo, lakini roketi ya nguvu kubwa si fataki ya sikukuu. Inaweza kuwa ndefu kuliko aliyeiunda, na ikishuka kwa kichwa bila mwavuli inaweza kuua mtu. Kwa hiyo kuna mtihani, na ndani ya mtihani kuna yule mtu anayetikisa mapezi.

Nimeanza naye kwa sababu anakijua kitu ambacho sinema hutusahaulisha. Ukitaja roketi, watu huona moto. Moto wa roketi tutakayoiunda katika sura hii utawaka kwa sekunde 1.7 tu, na utakuja katika boksi, umenunuliwa. Mengine yote ni useremala.

Muuza viatu na ndugu yake

Mwaka 1954, katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alikuwapo muuza viatu aitwaye Orville Carlisle. Viatu vilimpa riziki, lakini moyo wake ulikuwa kwenye baruti: alikuwa fundi wa fataki. Ndugu yake, Robert, alikuwa mtu wa ndege ndogo za kuigiza, na alihitaji kitu cha kuonyesha alipowaeleza watu elimu ya kuruka. Orville akaunda roketi nyepesi ya karatasi na balsa, yenye mota ndogo ya baruti inayobadilishwa kila mruko, na mwavuli wa kuirudisha chini salama. Wakaiita Rock-A-Chute. Mmoja alijua moto, mwingine alijua mbao na hewa, na roketi ya kuigiza tunayoijua leo ilizaliwa pale elimu hizo mbili zilipokaa meza moja.

Mapema mwaka 1957 Carlisle alisoma makala ya G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa makombora wa White Sands, New Mexico. Makala ilihusu usalama wa kazi ya roketi. Carlisle akamwandikia, akampelekea na roketi zake. Barua ilifika kwa wakati wake. Mnamo Oktoba mwaka huohuo Wasovieti walirusha Sputnik, na vijana wa Marekani wakaingia kwenye magereji ya baba zao kushindilia kemikali ndani ya mabomba ya chuma. Wengine walitoka wamepoteza vidole au macho. Stine aliona kwamba muuza viatu alikuwa amekwisha kupata jibu: mota itengenezwe na wanaojua kazi hiyo, kijana aachiwe mwili wa roketi. Mwaka 1958 Vern Estes wa Colorado aliunda mashine aliyoipa jina Mabel, iliyotoa mota moja kila sekunde 5.5. Tangu hapo kanuni haijabadilika: fueli inunue, mwili uunde.

Kanuni hiyo ni ya sura hii pia. Humu hutakuta namna ya kuchanganya fueli, na atakayekualika kuichanganya jikoni kwake, mwage na uondoke.

Herufi na nguvu zake

Mota hupangwa kwa herufi, na kila herufi ina ukomo mara mbili ya iliyotangulia. Kipimo ni nyutoni-sekunde, yaani msukumo uliozidishwa kwa muda. Nyutoni moja ni kama uzito wa embe dogo la gramu 100 mkononi mwako, na kulisukuma kwa nguvu hiyo kwa sekunde moja ni nyutoni-sekunde moja. Mota ya A inaishia 2.5, ya B inaishia 5, ya C inaishia 10. Ukiendelea kuzidisha utafika G, inayoishia 160. Kutoka H kwenda juu ndipo panapoitwa nguvu kubwa, na hapo hupewi mota bila cheti. Daraja la kwanza linakuruhusu H na I, la pili J, K na L, la tatu M, N na O, mpaka nyutoni-sekunde 40,960. Kutoka A hadi K ni hatua kumi tu za alfabeti, lakini nguvu imezidi mara 1,024.

Yetu itakuwa H ya nyutoni-sekunde 200. Tuseme imeandikwa H120-7. H ni daraja, 120 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 7 ni sekunde za kungoja tangu msukumo uishe hadi mwavuli utolewe. Ndani yake kuna fueli ngumu inayofanana na kifutio cha penseli: chumvi iitwayo amoniamu pakloreti iliyokandwa na mpira, mara nyingi pamoja na unga wa alumini. Wakubwa wa ukoo wa fueli ngumu wamewahi kupita juu ya pwani yetu. Roketi za Scout, ambazo Waitaliano walizirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, zilikuwa za fueli ngumu kwa hatua zote nne. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikikumbuka uhuru wake, mojawapo ilipandisha setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga. Setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru.

Kwa nini mbao

Kanuni za usalama za vyama hivi zinataka roketi iundwe kwa vitu vyepesi: karatasi, mbao, mpira, plastiki, faibaglasi. Chuma huruhusiwa pale tu panapolazimu, tena kiwe cha kupinda, si cha kupasuka vipande. Sababu ni rahisi kuiona. Mambo yakiharibika angani, mbao hushuka ikiwa vibanzi, chuma hushuka kikiwa mashoka.

Asidhani mtu kwamba mbao ni ya walioshindwa kununua kilicho bora. Mwaka 1962 Wamarekani walipotaka kuteremsha kipimo cha mitetemo juu ya Mwezi kwa vyombo vyao vya Ranger, walikivika tufe la balsa la kipenyo cha sentimita 65 ili lipokee kishindo. Chombo cha Ranger 4 kiliharibika njiani kikajibamiza upande wa Mwezi usioonekana kutoka hapa kwetu, na mabaki yake yako hukohuko mpaka leo. Wachina waliporudisha setilaiti zao za FSW kutoka angani, ngao ya kuzuia joto ilikuwa ya mwaloni, ikaungua taratibu kutoka nje kuingia ndani kabla moto haujafikia mzigo. Pua za makombora ya Trident, yanayorushwa kutoka chini ya bahari, ni za mti wa jamii ya misonobari. Na mnamo Novemba 2024 ilirushwa LignoSat, setilaiti ndogo ya Wajapani ya mbao ya magnolia, kila upande sentimita 10, iliyoungwa kwa ufundi wa kale wa maseremala wa Japani bila skrubu wala gundi.

Fundi huipenda mbao kwa sababu moja zaidi: huonya kabla ya kuvunjika. Hulia, hupinda, huonyesha ufa mwembamba kama unywele. Mwenye jicho atauona leo kabla ya kuufuata porini kesho.

Mezani

Roketi yetu itakuwa na urefu wa mita 1.5 na kipenyo cha sentimita 10. Ikiwa tayari kuruka, na mota ndani, uzito wake utakuwa gramu 1,450.

Anza na mwili. Wengi hununua bomba la karatasi ngumu, na si vibaya, kwani karatasi nayo ni mti. Sisi tutaukunja mwili wenyewe kwa plaiwudi ya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Plaiwudi hiyo ina unene wa milimita 0.8, karibu sawa na kadi ya benki. Hata ikiwa nyembamba hivyo ina tabaka tatu, na nyuzi za kila tabaka zinakatana na za jirani yake. Iloweshe kwa maji ya uvuguvugu, izungushe kwenye bomba la kipenyo kinachofaa, nyuzi za uso wake zikifuata urefu wa roketi, maana ukizipinda kwa upande mwingine zitapasuka. Ifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vilevile tunavyofunga mzigo kwenye kerea, kisha uiache ikauke usiku kucha. Samaki mkunje angali mbichi, na plaiwudi ikunje ingali na maji.

Ikikauka, vika bomba karatasi ya nailoni ili gundi isishike, kisha gundisha tabaka mbili za plaiwudi, moja juu ya nyingine. Maungio yasikutane: la ndani likiwa mashariki, la nje liwe magharibi. Utapata mwili wenye ukuta wa milimita 1.6 na uzito wa gramu 400 hivi. Ugonge kwa kidole. Unalia kama ngoma ndogo, na mlio ukibadilika mahali fulani, jua kwamba hapo gundi haikufika.

Ndani ya mwili huo mkubwa unakaa mwili mdogo, bomba la mota, lenye kipenyo cha milimita 38, limeshikiliwa katikati na pete za plaiwudi ya milimita 6. Pete hizi ni nadra kuonekana, na ndizo zinazobeba kazi nzito. Mota ikiwaka itasukuma kwa nyutoni 120, karibu uzito wa lita kumi na mbili za maji ndani ya ndoo. Ndoo hiyo haitawekwa taratibu. Itapigwa chini ya roketi mara moja. Kama gundi ya pete ni hafifu, mota itapenya ndani ya roketi na kutokea puani, huku mwili umebaki pale pale.

Kisha mapezi. Yatakuwa matatu, ya plaiwudi ya milimita 3. Anayeanza hushawishika kulibandika pezi juu ya ngozi ya roketi, na kwa roketi ndogo ya mtoto hilo linatosha. Kwetu halitoshi. Pezi letu litakuwa na ulimi kama ule wa mguu wa meza. Ulimi unapita katika tundu la ukuta wa nje, unaingia mpaka ndani na kukaa juu ya bomba la mota, kati ya pete mbili. Gundi ya epoksi inashika chini ya ulimi, kwenye pete, ndani ya ukuta na nje ya ukuta. Kwenye pembe ambapo pezi linakutana na mwili, laza ukingo wa gundi na uulainishe kwa mgongo wa kijiko. Ukingo huo unatawanya nguvu ambayo ingekusanyika kwenye mstari mmoja na kupasua.

Ukiamua kutumia balsa badala ya plaiwudi, jambo la kuangalia ni nyuzi. Balsa hutoka zaidi Ecuador, hukua haraka, na wataalamu wa mimea huiweka katika kundi la miti migumu, ingawa ukucha wako unaweza kuitoboa. Nyuzi zake lazima zifuate ukingo wa mbele wa pezi, kutoka kwenye mwili kwenda nje. Ukizilaza sambamba na mwili, pezi litakatika kama biskuti. Hata plaiwudi ina ukomo wake: kwa kasi kubwa pezi jembamba huanza kupepea kama bendera, kila mpepeo ukiuzidi uliopita, na katika kufumba na kufumbua limeng'oka.

Mapezi yasimame nyuzi 120 moja kutoka kwa jingine, na kila moja linyooke sawa na mwili. Kuchora mstari ulionyooka juu ya kitu cha duara kuna hila yake ya zamani: laza roketi kwenye pembe ya fremu ya mlango, na ukingo wa mbao utakuongoza penseli kutoka mkiani hadi kifuani.

Pua inakerezwa. Gundisha vipande vya mbao laini isiyo na macho, vifunge kwenye mashine ya kukereza, uvichonge kama wale mafundi wa miguu ya vitanda vya samadari wanavyofanya. Usijisumbue kutafuta ncha ya sindano. Kwa mwendo ulio chini ya ule wa sauti, pua ya mviringo hupita hewani vizuri, na haitobolewi na jiwe siku ya kutua. Ichimbe ndani ili ipungue uzito, lakini usiifunge kabisa. Utaona sababu hivi punde.

Yaliyobaki ni msasa na vernishi. Piga msasa mpaka mkono ukinai, paka vernishi nyembamba, ngoja, rudia. Rangi usiimwage mkiani kwa ajili ya urembo. Rangi ni uzito, na uzito ukikaa mkiani utakudai.

Fimbo na mshale

Rusha fimbo hewani, itapinduka. Rusha mshale, utakwenda kwa ncha. Vyote viwili ni miti mirefu myembamba. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma, na siri yote iko hapo.

Kila roketi ina sehemu mbili za kuzijua. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, mahali ambapo ukiilaza juu ya ukingo wa rula haiangukii upande wowote. Ya pili ni kitovu cha hewa, mahali ambapo misukumo yote ya upepo wa ubavuni hukutania. Kitovu cha uzito kikiwa mbele na cha hewa nyuma, roketi ikiyumba upepo unausukuma mkia na kuinyoosha. Vikibadilishana, upepo unalikuza kosa, na roketi inageuka fimbo, tena fimbo yenye moto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kitovu cha uzito kikae mbele ya kile cha hewa kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha roketi. Kwetu ni sentimita 10.

Kitovu cha uzito utakipata kwa rula. Cha hewa kilikuwa taabu. Watu wa mwanzo walikata kivuli cha roketi kwenye kadibodi na kutafuta mahali kivuli hicho kinaposawazika, njia ya tahadhari ambayo bado inafaa. Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa NASA na mpenzi wa roketi ndogo, aliwapa wanamchezo milinganyo ya kukipata kwa kalamu na karatasi, kutokana na umbo la pua na vipimo vya mapezi. Siku hizi programu ya bure kama OpenRocket hufanya hesabu hiyo wakati ungali unachora.

Tuseme umepima na kukuta nafasi kati ya vitovu hivyo ni sentimita 6 tu. Hapo ndipo pua iliyoachwa wazi inapofaa: dondoshea ndani yake vipande vya risasi ya kuvulia samaki, vishike kwa epoksi, pima tena. Usizidishe. Roketi yenye nafasi kubwa mno huwa na kiburi cha jogoo wa bati juu ya paa: upepo ukivuma kidogo tu inaugeukia na kuufuata, badala ya kwenda juu.

Sekunde tisa, kisha dakika moja

Siku ya kurusha, upepo usizidi kilomita 32 kwa saa. Reli ya kuongozea isiinamishwe zaidi ya nyuzi 20 kutoka wima. Kwa mota ya H watu wasimame angalau mita 30 kutoka hapo, na moto uwashwe kwa umeme, kwa waya mrefu. Anga nayo ina wenyewe. Marekani ruhusa ya roketi kubwa hutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na popote pengine mlango wa kwanza wa kugonga ni wa mamlaka kama hiyo. Kuhesabu kunaanzia tano au zaidi. Ukibonyeza na kisitoke kitu, unangoja dakika nzima kabla ya mtu yeyote kusogea.

Safari hii inawaka.

Msukumo ni mara nane ya uzito wa roketi, na mwongozo wa kawaida ni usipungue mara tano. Reli ina urefu wa mita 1.8. Roketi inaimaliza kwa chini ya robo ya sekunde, na inapoiachia inakwenda mita 16 kwa sekunde, kasi ya basi la mjini. Hiyo robo ya sekunde ina uzito wake, kwa kuwa mapezi hayafanyi kazi bila hewa inayopita. Kabla ya hapo ni reli inayoinyoosha, baada ya hapo ni mbao uliyoichonga.

Sekunde ya 1.7, fueli imekwisha. Roketi iko mita 92 juu, inakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde, karibu kilomita 370 kwa saa, na hewa inaivuta nyuma kwa nguvu inayozidi uzito wake mara mbili. Watazamaji wengi hudhani onyesho limekwisha. Sehemu kubwa ya safari ndiyo kwanza inaanza. Kwa sekunde 7 nyingine roketi inapanda kimya, bila moto, na katika muda huo inaongeza mita 290 hivi. Robo tatu ya kimo chake haina mota. Pezi lililopinda kwa milimita mbili litaizungusha kama pia, na ukingo uliosahau kuupiga msasa utakuibia mita kadhaa.

Kwenye kimo cha karibu mita 380 inasimama, kama jiwe lililorushwa linavyosimama kabla ya kukumbuka kurudi. Hapo kidonge kidogo cha baruti kilichomo kwenye mota kinalipuka, pua inachomoka, mwavuli wa kipenyo cha mita 1.2 unatoka ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kisichoungua. Hesabu ya zile sekunde 7 ikiwa imekosewa, mwavuli utafunguka roketi ikiwa bado inakimbia, na kamba itaupasua mwili wa mbao kutoka juu kwenda chini kama zipu. Ikiwa sawa, utasikia mlio mdogo, utaona kitambaa kikijaa hewa, na roketi itashuka mita 5 kwa sekunde. Itachukua dakika moja na robo kufika chini. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 380 kutoka ulipoirushia, kwa hiyo vaa viatu vya kutembea.

Kurudi

Mtihani wa daraja la kwanza hauulizi kimo. Unataka roketi ipae sawasawa, mwavuli ufunguke, na roketi irudi ikiwa katika hali ya kuweza kuruka tena bila kutengenezwa. Aliyepaa mita 900 akarudi na pezi limevunjika amefeli. Aliyepaa mita 380 akarudi mzima amepita. Hata kwa wakubwa wa mchezo ni vivyo hivyo. Tarehe 25 Aprili 2009, huko Maryland, Steve Eves alirusha mfano wa roketi ya Saturn V kwa kipimo cha moja kwa kumi: urefu mita 11, uzito karibu kilo 750. Ilipanda mita 1,350 hivi. Kimo hicho hufikiwa na roketi ambazo mtu hubeba begani. Kilichowafanya watu washangilie ni ile nguzo ikirudi ardhini ikining'inia kwenye miavuli yake.

Kwa hiyo unaitafuta roketi yako kwenye mabua, unaikuta imelala ubavu, mwavuli ukivutwavutwa na upepo. Inanuka baruti. Unaibeba mpaka kwenye meza ya mkaguzi, ganda la mota likiwa bado na joto. Yeye anaigeuza, anachungulia chini, anapitisha kidole kwenye pete, kisha analishika pezi kwa vidole viwili na kulitikisa, kushoto, kulia. Anasaini fomu.

Ganda umelisafisha jioni hiyohiyo, na fueli nyingine umeiagiza. Ncha ya pezi moja imechubuka kidogo pale ilipogusa udongo, si ufa, ni vernishi tu iliyotoka, na mbao nyeupe inaonekana chini yake. Jumatatu baada ya kazi unatoa msasa.